Farasi Wameingia?

Baba yangu alikuwa anakuja nyumbani kulala. Sisemi hivyo kumsengenya, ndivyo mambo yalivyokuwa. Wenzangu walikuwa na baba wanaorudi jioni na mkate, wanauliza habari za shule, wanagombania televisheni. Wangu alifika kwetu, mtaa wa Observatory, Johannesburg, wakati wa baridi, Juni mpaka Agosti, siku mbili hapa, siku tatu pale. Alisalimia, akala, akajinyoosha kwenye kochi na soksi zake zinazonuka farasi, akalala. Mama alimfunika blanketi na sisi tukanyata. Na kila mara, katikati ya usingizi, alishtuka akaketi, macho hayajafunguka sawasawa, akauliza, "Wameingia?"

"Wameingia, Seif. Lala," Mama alimjibu kutoka jikoni, naye akalala tena.

Mimi sikumjibu hata siku moja. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na sababu: miezi mingine yote ya mwaka baba yangu alikuwa wa farasi.

Baba ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao mtoto anajua Kiswahili kabla ya Kirundi. Alikuwa fundi viatu. Vita vikawatoa yeye na Mama, mimi nikazaliwa kambini Kigoma, halafu kwa safari ambayo kwetu hakuna anayependa kuisimulia tukafika Johannesburg. Akajipatia nafasi pembeni mwa barabara huko Randburg, karibu na stendi ya teksi, na sindano yake, gundi yake na kiti cha kukunja, akawa anashona viatu vya watu wa maofisini. Farasi alikuwa amewaona kwenye picha tu.

Siku moja bibi mmoja mzungu, mrefu, nywele nyeupe zilizokatwa fupi kama za mwanamume, alimletea hatamu kuukuu zilizokatika. Baba hakujua zinavaliwa wapi, lakini ngozi ni ngozi, akazishona. Bibi akazivuta kwa nguvu zake zote, zikashika, akaondoka bila kusema neno. Wiki iliyofuata alileta nyingine. Jina lake Bibi Hildur, na kwao ni Aisilandi, nchi iliyo kisiwa huko juu kabisa ya ramani, ambako mumewe alikuwa amemtoa zamani kuja kufanya kazi za migodi. Mume alikuwa ameshakufa. Yeye alibaki, na uzeeni akapata wazo la kuagiza farasi wa kwao.

Kisha ikaja Mei ya 2008, na zile fujo za kuwafukuza wageni. Kiti cha Baba na vifaa vyake viliteketezwa palepale barabarani, yeye akaponea chupuchupu. Tukajifungia ndani. Bibi Hildur alikwenda Randburg akaona majivu, akaanza kuuliza kwenye spaza, viduka vya mitaani, kimoja hadi kingine, mpaka akabisha hodi kwetu. Alisema ana farasi wanakuja, ana mahali pa kulala penye geti, na anataka mtu mwenye mikono mitulivu. Baba alichukua mfuko mmoja wa nguo. Alituambia ni mpaka mambo yatulie.

Mambo yalitulia. Baba hakurudi.

Pale mahali panaitwa kisiwa, lakini usifikirie bahari. Ni kijito kinachoshuka nyuma ya mashamba madogo kaskazini ya Randburg, kinagawanyika kwenye miamba, halafu mikono yake inakutana tena chini. Katikati kimebaki kipande cha ardhi chenye malisho, nyumba ya bibi, banda la mawe la farasi, na chumba kimoja alicholala Baba. Unaingia kwa daraja la chuma. Bibi Hildur alikinunua kwa sababu ya maji hayo; alisema asipozungukwa na maji hapati usingizi. Wenye farasi wa huko walimwonya kwamba maji hayohayo yatamuulia farasi wake. Akawajibu kuwa yeye ni mkaidi tangu kuzaliwa.

Farasi wenyewe walikuwa wafupi, wanene, wenye manyoya tele na nywele za shingo zinazowafunika macho. Ukiwaita poni, jina la vifarasi vidogo, Bibi Hildur anakununia wiki nzima. Na kwao kuna sheria: farasi akishatoka kisiwani mwao harudi tena, hata awe bingwa, kwa kuogopa kwamba atarudi na maradhi.

"Kumbe ni wakimbizi wenzetu," Baba alimwambia Mama kwenye simu.

"Wakimbizi gani wanaofuatwa na daktari mpaka nyumbani?" Mama alimjibu. "Sisi tunapanga foleni tangu alfajiri."

Mwaka wa kwanza miili yao haikujua kwamba huku majira yamepinduka. Desemba, joto la kupasua kichwa, wao wakaota manyoya ya theluji. Baba akawa anawanyoa kwa mashine, na nywele zikamwingia puani, kwenye chai, kwenye ugali. Alijifunza kuokota mawe kwenye kwato, kupaka dawa ya muwasho, kubeba majani makavu, kuzoa mavi, kulala macho mmoja wao akikohoa bandani. Aliamka kabla ya alfajiri na mgongo ukimuuma, akalala nao ukimuuma. Mkongwe wao, jike la kijivu jina lake Grana, alikuwa na tabia ya kumwegemea kwa uzito wake wote anapompiga brashi, na Baba aliyekwisha kuchoka naye alimwegemea vilevile. Bibi Hildur anasema aliwahi kuwakuta wote wawili wamesinzia hivyo.

Lakini kazi iliyommaliza hasa ilikuwa moja. Kwenye matope ya kijito kuna visubi, vidudu vidogo kuliko mbu, na jua likianza kushuka vinatoka. Vikimuuma farasi vinamwachia ugonjwa wa mapafu, anajaa povu, anakufa. Farasi wa huku wanaukabili kidogo; hawa wageni hawakuwa na kinga yoyote ya kuzaliwa nayo. Walichanjwa, ndiyo, lakini daktari alisema chanjo peke yake haitoshi. Lazima wawe bandani, nyavu zimeshushwa, kabla jua halijainama. Kila siku iliyoumbwa na Mungu, tangu mvua za mwisho wa mwaka mpaka asubuhi ile ya kwanza ambapo nyasi zinaamka nyeupe kwa jalidi. Jalidi huviua visubi vyote. Watoto wengine walingojea sikukuu. Nyumbani kwetu tulingojea jalidi, kwa sababu ndiyo iliyotuletea Baba.

Kuna jambo jingine la kueleza. Baba ni mtu wa sala. Kisiwani hakuna msikiti, wala jirani wa kuswali naye, lakini kwenye chuo cha Kurani huko Buyenzi alifundishwa kwamba mchungaji aliye peke yake malishoni akiadhini ana thawabu zake. Basi aliadhini. Kila alasiri alipanda juu ya mwamba ulio katikati ya kisiwa, akatia vidole masikioni, akaadhini kwa sauti yake yote, akaswali. Akimaliza aliteremka, akachukua ndoo ya chakula, akaitikisa, na farasi wakaingia ndani. Alikuwa akijisifu kwetu: "Ile ndoo! Wakiisikia tu wanakuja wenyewe."

Na palikuwa na mbwa, Snati, mbwa wa Bibi Hildur, rangi ya mchanga, mkia umejikunja mgongoni. Kubweka ndiyo kazi yake, ndiyo namna yao ya kuswaga mifugo. Alimpenda Baba tangu siku ya kwanza, na Baba alimkimbia tangu siku ya kwanza, maana mate ya mbwa ni najisi, kuosha mara saba, moja yake kwa udongo. Mwezi wa kwanza ngozi ya mikono ilimtoka kwa kujisugua. Kanzu ya sala aliitia kwenye mfuko wa plastiki, akautundika msumarini, juu. Mwisho alipanga mawe kuzunguka msala wake pale mwambani, akamkataza Snati kuyavuka. Snati akaelewa. Akawa analala nje ya mawe, kidevu juu ya moja, mpaka sala iishe. Wakaishi kwa mapatano hayo.

Tulikwenda kumtembelea mara moja tu, Julai moja ya baridi. Baba alitaka kutuonyesha kitu. Farasi hao wana mwendo wao ambao wengine hawana, wa haraka lakini hauna mtikisiko. Akampanda Grana, akamwambia Mama amjazie kikombe cha chai, akakizunguka kisiwa chote na kikombe mkononi. Alirudi akampa Mama akitazame. Hakikuwa kimepungua. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mimi nilipiga makofi kama wengine, huku nikiwaza kwamba sijawahi kumwona akicheka hivyo sebuleni kwetu.

Basi hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Kisha ikaja Machi ya 2012. Mama alilazwa ghafla kwa tumbo, na Baba akaacha kila kitu akaja. Bibi Hildur hakuwako siku hiyo. Baba alipoona Mama anaendelea vizuri aligeuza kurudi, lakini umeme ulikuwa umekatika, robot zote, taa za njia panda, zimezima, magari yamefungana. Alifika kisiwani giza limeshaingia. Farasi aliwakuta kule mwisho wa malisho wamesimama, hata mlango wa banda hawajausogelea. Baada ya wiki moja dume mmoja, Blesi, aliacha kula. Kabla ya adhuhuri povu lilikuwa linamtoka puani, na akafa kichwa chake kikiwa mapajani mwa Baba.

Bibi Hildur hakumfokea. Afadhali angemfokea. Alisimama akamwambia, "Seif, hawa hawawezi kurudi kwao, na mimi sitaweza kuleta wengine." Akaenda ndani.

Tangu siku hiyo Baba hakulivuka lile daraja msimu wa visubi. Hata Mama hakumwomba.

Na miaka michache baadaye ndoa yangu ikapangwa Aprili.

Mwezi huo sikuuchagua mimi. Mchumba wangu Mbarouk, fundi umeme, ni mtu wa Pemba, na mama yake alikuwa amekuja kutoka Wete kwa ajili ya ndoa. Ruhusa yake ya kukaa nchini ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Nilimwomba Mbarouk tusogeze mbele, tungoje jalidi.

"Tungoje nini?" aliuliza.

Mweleze mtu wa Pemba jalidi ni nini! Nilieleza mpaka nikachoka, akabaki ananitazama kwa huruma, kama msichana aliyeanza kuweweseka kabla hajaolewa. Nikampigia Baba.

"Jumamosi ya tatu, Baba."

"Ya Aprili?"

"Ya Aprili."

Nilisikia Snati anabweka kwa mbali. "Mwanangu, Aprili ndiyo mbaya kuliko yote."

"Najua, Baba. Naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa."

"Bibi amevunjika nyonga, yuko hospitali. Niko peke yangu huku. Nitampa sheikh uwakala akuozeshe kwa niaba yangu. Inafaa kabisa kisheria."

"Najua inafaa. Sitaki," nilimwambia. "Nina baba. Kama baba yangu hawezi kuja kuniozesha, basi sitaolewa, na wewe ukae na farasi wako." Nikakata simu, nikaingia kazini saluni nimevimba, nikamsuka mteja kwa hasira mpaka akalia eish.

Aliyetuokoa ni Gaston, jirani yetu wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Uvira, mlinzi wa jengo moja huko Sandton na mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya ya kanisani kwao. Alisema Jumamosi hiyo hana zamu. Baba akafanya mpango wake: atawafungia farasi mapema, adhuhuri, akiwavuta mmoja mmoja kwa hatamu, nyavu zote zimeshushwa, halafu Gaston akae nje ya banda alinde tu mpaka yeye arudi. "Usiguse kitu," Baba alimwambia. "Ukae tu." Gaston alicheka akasema kukaa ndiyo kazi anayolipwa kila siku.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo baba yangu alikuja. Ndoa ilifungwa uani kwa mwenye nyumba wetu, wanaume chini ya turubai, sisi wanawake ndani, madirisha wazi. Nilikuwa nimekaa kitandani na hina yangu na dhahabu ya kuazima, nikichungulia kwenye pazia. Kanzu yake ilikuwa na mikunjo ya mfuko wa plastiki. Amekonda, ndevu zimeingia mvi kuliko nilivyozikumbuka. Alasiri iliswaliwa, wageni wa mwisho wakafika, sheikh akaanza hotuba yake, na nilimwona Baba shingo inaanguka mara mbili, anashtuka, anajikaza. Nilisema moyoni, hewala, amechoka, lakini amekuja. Amekuja.

Sheikh alikuwa ameshawakalisha uso kwa uso, Baba na Mbarouk, amewapa mikono washikane, simu ya Baba ikalia.

Simu ya Baba ni ya Kichina, spika yake inaweza kuchezesha disko. Uani kote walisikia, na sisi ndani.

"Papa Biubwa! Bafarasi banakataa kuingia!" Alikuwa Gaston, na Kiswahili chake cha Kikongo; Biubwa ni mimi.

"Waingie wapi? Si wamo ndani?"

"Nilibafungulia kidogo. Balikuwa banalia, banapiga milango mateke, nikaona joto itabaua. Nilisema watapunga hewa, nitabarudisha na ndoo. Pardon, Papa."

Baba hakumgombeza. Niliona mabega yake yakishuka tu, kama mtu aliyetua mzigo akaambiwa aubebe tena. "Tikisa ndoo," alisema.

Tukasikia ndoo. "Natikisa. Banaangalia tu."

"Mwite Grana kwa jina."

"Nimemwita. Hata hageuki."

"Mbwa yuko wapi?"

"Mbwa iko nalala pale kwenye mwamba, kwenye ile mawe yako. Hatoki. Bafarasi bote banaangalia kulekule, masikio juu. Iko kama watu banangojea kitu, Papa. Na jua inashuka."

Jua lilikuwa linashuka kwetu pia, limeshagusa mapaa ya jirani. Ami yake Mbarouk alikohoa akasema, "Mzee, ndoa kwanza." Na sheikh, kwa upole, alisema neno lile ambalo nilikuwa nimeliogopa mwezi mzima: "Bwana Seif, ukinipa uwakala sasa hivi, unaweza kwenda. Ndoa haitaharibika."

Nilijua atakwenda. Kutoka Observatory mpaka kisiwani, saa hiyo ya jioni, asingewahi, na hata hivyo angekwenda, akawakute gizani tena, akazike mwingine. Nilisimama na hina yangu mbichi, nikagusa pazia nikalichafua. Mama alinishika mkono. Nilikuwa nalia wala sikujali wanja.

Baba aliuachia mkono wa Mbarouk. Kisha alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe, "Si ndoo." Akainuka. "Gaston. Nenda mpaka mwambani. Panda. Weka sauti yote, uinyanyue simu juu."

"Mbwa ataniluma."

"Hakuumi. Panda."

Tukamsikia Gaston anapanda, anahema. Baba alikiweka kidole kimoja sikioni, mkono wa pili ukashika simu mbele ya mdomo, akaadhini.

Sijui niseme nini juu ya sauti ile. Baba niliyemjua mimi alikuwa anaongea chinichini, maneno machache, mengine yakimezwa na miayo. Hii ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuitupa juu ya maji na malisho, peke yake, bila kungoja wa kumwitikia. Ilijaza ua ule mdogo ikapita juu ya ukuta. Barabarani mtu alizima redio ya gari.

"Makubwa haya!" mama mkwe alisema ndani. "Tumeshaswali, sasa anaadhini nini?" Nje nako minong'ono ilianza, vijana wawili wakacheka.

Sheikh aliinua mkono. "Wakati wa alasiri haujatoka," alisema. "Mwacheni."

Kwenye simu tukamsikia kwanza Snati. Alibweka mara moja, kisha mfululizo. Halafu kwato, kidogo, halafu nyingi, zikipita kwenye mawe. "Banakuja!" Gaston alipiga kelele. "Yesu wangu, banakuja bote!" Baba hakukatiza. Aliendelea mpaka neno la mwisho, akavuta pumzi, akauliza swali lake.

"Wameingia?"

"Bameingia! Hata ule wa kizee, yeye ndiye wa mbele!"

"Funga komeo. Shusha nyavu."

"Nimeshusha. Nimefunga. Sigusi kitu tena, Papa, naapa."

Baba akaizima simu, akaitia mfukoni, akaketi, akaushika mkono wa Mbarouk. "Tuendelee, sheikh," alisema, na kwa sauti ileile, iliyokuwa bado haijashuka, akaniozesha. Nilisikia jina langu lote, Biubwa binti Seif, mpaka mwisho wa nyumba.

Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilibaki nimeketi kitandani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na bado kulikuwa na kitu kinanichoma, nikamwambia Mama bila kukizungusha: "Farasi wanamsikia hivyo kila siku. Mimi binti yake leo ndiyo mara ya kwanza, na wala hakuwa akiniita mimi."

Mama alikuwa ananifuta wanja kwa ncha ya kanga. Aliacha, akanitazama kwa ukali.

"Nani kakudanganya? Ulipozaliwa kule kambini ulilia mpaka wakunga wakachoka. Akakuchukua, akakuadhinia hapa." Alinigusa sikio la kulia, penye herini. "Ukanyamaza, ukamkodolea macho. Wewe ndiye wa kwanza, Biubwa. Hao farasi wamekuja nyuma yako."

Akaendelea kunifuta.

Nilipotolewa uani kwa ajili ya picha, pilau ilikuwa imeshagawiwa na Baba alikuwa amelala. Kwenye kiti cha plastiki, kichwa nyuma, mdomo wazi, sahani mapajani haijaguswa. Mpiga picha alitaka kumwamsha. Ami yake Mbarouk naye alisema si vizuri, baba wa bibi harusi kulala mbele za watu. Niliwaambia atakayemgusa atanijua mimi ni nani. Nikaichukua sahani ile mapajani mwake, nikavuta kiti, nikakaa ubavuni mwake na gauni langu lote, Mbarouk akasimama nyuma yetu, na ndivyo tulivyopigwa. Picha hiyo ndiyo iko ukutani kwangu mpaka leo. Wageni huniuliza kama mzee alikuwa mgonjwa.

Mwanga wa jua ulipokuwa unaondoka uani Baba alishtuka, akaketi wima, macho hayajafunguka sawasawa. Mama alikuwa mbali, kwenye masufuria.

"Wameingia?" aliuliza.

"Wameingia wote, Baba," nilimjibu. "Lala."